MWEKA HAZINA SI MWENYE HAZINA

Hapana siku ipitayo bila neno "hazina" kutajwa mahali fulani nchini. Katika tawi la chama, katika ushirika wa wakulima, katika chama cha wafanyakazi na hata katika kikundi cha akina mama wanaowekeana akiba, yuko mtu aitwaye mweka hazina. Ikifika Juni, mwezi wa kusomwa makadirio ya mapato na matumizi, neno hilo husikika Bungeni na redioni asubuhi na jioni. Lakini neno linalotajwa mno ndilo ambalo watu huacha kuliuliza maana yake.

Juzi tulikuwa kituoni tukingoja basi, tukawasikia wafanyakazi wawili wakibishana juu ya daraja linalojengwa karibu na hapo. Mmoja alikuwa kijana, wa pili mtu mzima. Kijana akasema, "Mzee, fedha hizo ni za Hazina, ni mali ya Serikali. Zikitumika vizuri au vibaya, mimi na wewe zatuhusu nini?" Yule mzee akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, hiyo sabuni uliyoishika mkononi umeinunua bila kulipa kodi?" Kijana akacheka, basi likaja, na maneno yakaishia hapo.

Sisi hatukuona kuwa maneno yale yafaa kuishia kituoni. Kijana yule si mjinga wala si mtu mbaya. Amesema jambo ambalo wengi wetu tunalifikiri kimoyomoyo, ya kwamba hazina ni kitu kilichofichwa mahali mbali, chenye mlango mzito, na mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Fikira hiyo ina hatari kubwa, kwa kuwa mtu hawezi kulinda kitu asichokijua kuwa ni chake. Kwa hiyo leo twataka kuwaomba wasomaji wetu tulitazame neno lenyewe, limetoka wapi, limepita kwa nani, na lilikuwa na maana gani kabla ya kufika vinywani mwetu.

LIMETOKA GHALANI

Neno "hazina" tumelipata kwa Waarabu. Kwao ni "khazina", na shina lake ni herufi tatu, "kh", "z" na "n", zenye maana ya kuweka kitu ndani ili kihifadhike. Wazee wetu wa pwani walilainisha mwanzo wake, kama walivyolainisha "khabari" ikawa habari, na "khatari" ikawa hatari. Hata leo wapo wanaolitamka kwa sauti ya zamani.

Yafaa kuangalia kwamba katika shina hilo hamna dhahabu wala fedha. Mna kitendo cha kuweka akiba tu. Kilichowekwa chaweza kuwa mtama, mafuta, nguo au vitabu. Kutoka shina hilo hilo Waarabu walifanya neno "makhzan", yaani ghala, na neno hilo likasafiri kuliko wasafiri wengi. Wahispania wakalichukua, wakasema "almacén", na hadi leo kwao ni ghala. Wafaransa wakasema "magasin", na leo kwao ni duka. Waingereza wakalipokea likiwa na maana ya ghala, hasa ghala la baruti na silaha. Kisha mwaka 1731, huko London, mchapishaji Edward Cave akaliita jarida lake kwa jina hilo, kama kusema kwamba ni ghala la habari za kila aina, na tangu hapo majarida yakaitwa hivyo. Nasi tunapotaja magazini ya bunduki, mahali pa kuwekea risasi, twalitaja neno lile lile lililozunguka Ulaya nzima kabla ya kuturudia kwa mlango wa nyuma. Waturuki nao wana "hazine", Wahindi wana "khazana", na Warusi huiita hazina ya dola "kazna".

Huko Moroko neno lilichukua njia nyingine, nayo inafundisha. Kwa karne nyingi "Makhzen", yaani ghala, lilikuwa jina la serikali yenyewe ya Sultani. Nchi iliyomtii na kumlipa kodi iliitwa nchi ya ghala, na nchi isiyomtii iliitwa nchi ya uasi. Mwananchi hakuijua serikali kwa shule wala kwa barabara, bali aliijua kama mahali ambapo mazao yake huingia. Watu wakiijua serikali kwa mlango wa kuingizia tu, wasiuone mlango wa kutolea, ndipo wanapoanza kusema kama alivyosema kijana wetu wa kituoni.

HAZINA YA KWANZA NI CHAKULA

Kabla ya neno hili kufika, je, mababu zetu hawakuwa na hazina? Walikuwa nayo. Katika nyumba ya mkulima palikuwa na kihenge au ghala la nafaka, na kila mtu nyumbani alijua kimejaa kiasi gani, kwa kuwa wote walilima na wote walikuwa wale kutoka humo. Mama aliyekuwa akichota hakuitwa tajiri wa kihenge. Aliaminiwa kuchota kwa kipimo, ili chakula kifike mavuno mengine. Waliosema kwamba akiba haiozi hawakusoma elimu ya uchumi, lakini waliijua njaa, na hiyo huwafundisha watu upesi.

Waislamu na Wakristo wote wanakijua kisa cha Yusufu katika nchi ya Misri. Miaka saba ya neema ilifuatwa na miaka saba ya njaa, na nchi ikapona kwa sababu nafaka iliwekwa mapema. Katika masimulizi ya Kurani, Yusufu mwenyewe anaomba awekwe juu ya hazina za nchi, na anataja sifa zake mbili za kustahili kazi hiyo: kwamba ni mtunzaji, na kwamba ni mjuzi. Twawaomba wasomaji wazishike sifa hizo mbili. Mtu mwaminifu asiyejua hesabu atapoteza mali kwa nia njema. Mtu ajuaye hesabu asiye mwaminifu ataipoteza kwa nia mbaya, na karatasi zake zitakuwa safi. Kwa kazi ya hazina sifa moja haitoshi.

Waarabu walikuwa pia na jina "baitulmali", maana yake nyumba ya mali, nalo linajulikana katika Kiswahili. Wakati wa Khalifa Umar, aliyetawala tangu mwaka 634 hadi 644, mali iliyoingia katika nyumba hiyo ilihitaji daftari la majina ya wale wanaostahili kugawiwa. Daftari hilo liliitwa "diwani". Nasi leo mtu tunayemchagua kutusemea katika halmashauri humwita diwani! Kwa njia ndefu na yenye kona nyingi, jina la mjumbe wetu linatokana na jina la daftari. Diwani asiyeuliza habari za daftari amelisahau jina lake mwenyewe.

KIKAPU, MFUKO NA KIJITI

Tuwatazame na watu wa Ulaya, maana sheria zetu nyingi za fedha zimepitia kwao. Wayunani waliita mahali pa kuwekea mali "thesauros", na kutoka hapo ndipo Wafaransa na Waingereza walipopata majina yao ya hazina. Baada ya vita na Waajemi, miji mingi ya Wayunani ilifanya shirika la kujilinda, kila mji ukatoa merikebu au fedha, na hazina yao ikawekwa katika kisiwa cha Delos. Mwaka 454 kabla ya Kristo hazina hiyo ikahamishwa Athens, mji uliokuwa na nguvu kuliko wenzake. Ilikuwa ya wote, ikawa chini ya mmoja. Plutarch anaeleza kwamba hata ndani ya Athens walikuwapo watu waliolalamika kuwa michango ya wenzao ya vita inatumika kuupamba mji kwa mahekalu na sanamu.

Walakini watu hao hao wa Athens walifanya jambo moja la kusifiwa. Walichonga hesabu juu ya mawe. Sehemu ya sitini ya michango hiyo, iliyotolewa kwa mungu wao wa kike Athena, iliandikwa katika jiwe mji kwa mji. Na tangu mwaka 434 kabla ya Kristo, waweka hazina wa hekalu waliandika kila mwaka orodha ya vyombo vya dhahabu na fedha walivyovipokea na walivyowakabidhi wenzao waliofuata. Jiwe halifutiki kwa kalamu, wala halipotei kabatini. Mawe hayo yamekwisha pita miaka 2,400, na wataalamu bado wanayasoma.

Warumi walikuwa na hazina ya umma ndani ya hekalu la Saturn. Walipopata makaisari, ikatokea hazina ya pili, hazina ya Kaisari, iliyoitwa "fiscus". Maana ya neno hilo ni kikapu tu. Kidogo kidogo kikapu cha Kaisari kikaimeza hazina ya umma, hata ikawa vigumu kujua ipi ni mali ya mtu mmoja na ipi ni mali ya wote. Neno "bajeti" nalo, ambalo siku hizi twalitamka kwa heshima, asili yake ni mfuko mdogo wa ngozi katika Kifaransa cha zamani. Majina makubwa yanayomtisha mwananchi wa kawaida yalianza kuwa vikapu na mifuko, vyombo ambavyo kila mtu anavyo nyumbani kwake.

Waingereza nao katika karne ya 12 walihesabia mapato ya mfalme juu ya meza ya futi 10 kwa futi 5, iliyotandikwa kitambaa chenye mistari kama ubao wa sataranji, na kutoka ubao huo ofisi yao ya hazina ikapata jina lake la zamani. Stakabadhi yao ilikuwa kijiti. Alama iliyokatwa kwa upana wa kiganja ilikuwa pauni 1,000, kwa upana wa kidole gumba pauni 100, na kwa unene wa punje ya shayiri pauni moja. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, nusu ikabaki na ofisi, na nusu akapewa aliyelipa. Siku ya hesabu nusu mbili zilikutanishwa. Mtu akiongeza alama kwenye nusu yake, nusu ya mwenzake humsuta.

Vijiti hivyo viliachwa mwaka 1826. Mwaka 1834 ikaamriwa vilivyobaki vichomwe katika tanuru zilizokuwa chini ya jengo la Bunge huko London. Moto ukazidi, na tarehe 16 Oktoba karibu jengo lote likateketea. Twakiona kisa hiki ni cha kuchekesha, tena ni cha kuonya, ya kuwa anayechoma stakabadhi asishangae nyumba ikiungua. Lakini jambo kubwa kwetu ni ile nusu ya kijiti. Mkulima wa zamani asiyejua kusoma alirudi kwake na ushahidi mkononi, na ofisi ya mfalme haikuweza kuukana.

ILIVYOKUWA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Huko Unguja, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa mfanyabiashara. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka, kisha ikakusanya ushuru yenyewe bandarini. Sultani alipopungukiwa alikopa kwa nyumba ile ile, hata akawa mdaiwa wake. Hapakuwa na mpaka kati ya mfuko wa Sultani na hazina ya nchi. Mwaka 1891 Waingereza, walioitwaa Unguja chini ya himaya yao mwaka uliotangulia, wakauweka mpaka huo. Sultani akakatiwa posho, na hazina ikatiwa mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Kwa hiyo hazina ilitengwa na mfuko wa Sultani, lakini haikupewa watu wa Unguja. Ufunguo ulihama mkono mmoja ukaenda mkono mwingine, na mbeba mizigo wa bandarini hakuulizwa.

Bara, Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Shabaha haikuwa kupata fedha tu, bali pia kuwalazimisha watu waende wakafanye kazi za mshahara au walime mazao ya kuuzwa ili wapate rupia za kulipa. Kodi hiyo na kazi ya shuruti katika mashamba ya pamba ni miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Walipokuja Waingereza, Gavana Donald Cameron mwaka 1926 alileta sheria ya tawala za wenyeji, na hazina za wenyeji zikaanzishwa wilayani. Sehemu ya kodi ikarudi huko, na machifu wakalipwa mshahara badala ya kupokea kodi za kimila. Lakini aliyelipa alikuwa na haki gani? Alipewa stakabadhi ya kuwaonyesha askari kwamba amelipa. Haikuwa nusu ya kijiti, kwa kuwa hakuweza kwenda nayo kuuliza fedha imefanya nini.

Tunayasema haya ili tuelewe ile fikira ya kituoni ilizaliwa wapi. Watu waliotozwa kwa miaka mingi bila kusikizwa waliwarithisha watoto wao fikira kwamba hazina ni ya wakubwa. Bendera huteremshwa kwa usiku mmoja, bali fikira hukaa.

NENO LENYEWE LATUAMBIA

Leo sheria yasema vingine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 135, yaagiza mapato ya Serikali yawekwe katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Ibara ya 136 yaeleza masharti ya kutoa fedha humo, ili mtu asichote kwa kupenda kwake. Ibara ya 138 yasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa na sheria hiyo. Na ibara ya 143 yamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye taarifa yake humfikia Rais, kisha huwekwa mbele ya Bunge. Jirani zetu wa Kenya, ambao hutumia neno hazina hata pale sisi tunaposema mfuko, waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 201, kwamba mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washirikishwe.

Hiyo ndiyo nusu yetu ya kijiti. Lakini nusu ya kijiti iliyotupwa uvunguni haimsuti mtu. Mkaguzi akiandika na wananchi wasisome, mweka hazina wa tawi akisoma hesabu na wanachama wakawa wanasinzia au wamekwisha ondoka, mnunuzi akitoka dukani bila kudai risiti yake, basi tumekirudisha kijiti tanuruni kwa mikono yetu.

Twataka wasomaji wetu wasikilize pia busara iliyomo katika lugha yetu. Yule anayeongoza mkutano tunamwita mwenyekiti, yaani mwenye kiti. Anayetunza fedha hatukumwita mwenye hazina. Tulimwita mweka hazina, na wengine husema mtunza hazina. Aliyelifanya neno hilo hatumjui, lakini alijua alilolifanya. Kiti twaweza kumwachia mtu akawa mwenyewe kwa muda wa mkutano, wala hatudhuriki. Hazina hatumwachii mtu hata kwa saa moja. Yeye huweka, hutunza, huandika, na siku yake ikifika hukabidhi. Wenye hazina ni wale waliotoa.

Tena tusifikiri kwamba maneno haya ni ya wizara tu. Anayekasirika kwa sababu ya fedha nyingi zilizopotea mbali, naye hajui salio la ushirika wake mwenyewe, hasira yake haina mizizi. Mahali pa kujifunzia ni pale penye daftari dogo la tawi, la chama cha wafanyakazi, la kikundi cha kuzikana. Hapo kila mtu anamjua mweka hazina kwa sura, anaijua nyumba yake, tena huona haya kumwuliza kwa sababu ni jirani au ni mkwe. Haya hiyo yafaa tuiondoe. Kumwuliza mweka hazina si kumwita mwizi. Mwaminifu hupenda kuulizwa, maana jibu lake ndilo linalomlinda na maneno ya watu. Wahenga walikwisha tuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba daftari lisilosomwa ni sawa na kukosa daftari.

Yule kijana wa kituoni hatujamwona tena. Tungemwona tungemwambia kwamba daraja lile, kabla halijawa chuma na saruji, lilikuwa sabuni yake, na nauli ya mzee, na kodi iliyokatwa katika mshahara wa mwashi anayelijenga. Likisimama imara, amelijenga yeye. Likianguka kabla ya wakati wake, kilichoanguka ni chake. Kwa hiyo zamhusu, na akipita hapo ana haki ya kusimama akauliza limegharimu kiasi gani.